Kusoma tope: mwongozo kamili wa kuchunguza wanyama wa sakafu ya pwani na milango ya mito

Maji yakipwa, mlango wa mto huonekana kama uwanja wa tope usio na kitu. Chutama mahali pamoja, utulie dakika tano, kivuli chako kisitikisike. Tundu moja litatema maji. Jingine litatoa kichwa cha mnyoo, kitapapasa tope kuzunguka mdomo wa shimo, kisha kitarudi ndani. Konokono wadogo kama punje za mchele watakuwa wanachora mistari. Katika sentimita 20 za juu chini ya nyayo zako wamo minyoo wa pingili, kombe, amfipodi (wadudu wadogo wa maji wa jamii ya kaa na kamba) na kaa wachanga, na mara nyingi idadi yao hufika maelfu kwa kila mita moja ya mraba.

Wanyama hawa wasio na uti wa mgongo nawathamini hasa kwa sababu hawahami. Samaki akikuta maji mabaya huenda zake. Mnyoo aliyejichimbia hubaki pale pale, avumilie au afe. Chupa ya maji uliyoteka asubuhi hukueleza habari za asubuhi hiyo, lakini kundi la wanyama wa tope hubeba habari za miezi iliyopita, pengine za miaka.

Habari hizo ni rahisi kuzisoma vibaya. Mahali palipochafuliwa kwa uchafu wa mimea, wanyama au maji taka huwa na spishi chache zenye wingi mkubwa. Mlango wa mto wenye afya nao huwa na spishi chache zenye wingi mkubwa, maana chumvi inayopanda na kushuka kila siku huwafukuza wengi na kuwaachia nafasi wachache wanaoweza kuvumilia. Kitendawili hiki kimewasumbua watafiti kwa miaka mingi, na nimeona ripoti zilizotangaza uchafuzi mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote ila maji ya mto kukutana na ya bahari. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zina nia moja: ufike mezani ukiwa unalinganisha tope na tope la aina yake, na chumvi na chumvi ya kiwango chake.

Anza na chumvi, hata kabla ya koleo

Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Ya mto yanakaribia sifuri. Kati ya hapo idadi ya spishi haishuki kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1934 Mjerumani Adolf Remane, akitumia wanyama wa Bahari ya Baltiki, alionyesha kwamba spishi hupungua kadiri chumvi inavyopungua, zikafika kiwango cha chini kabisa kwenye gramu 5 hadi 8, kisha zikaanza kuongezeka tena kuelekea maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Wanyama wa bahari hawawezi kuingia ndani zaidi, wa mtoni hawawezi kushuka zaidi, na wanaoweza kuishi katikati ni wachache.

Sababu imo ndani ya miili yao. Wengi wa wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo wana chumvi ya mwilini inayolingana na ya maji yanayowazunguka. Maji yakizimuliwa, huingia mwilini na mnyama huvimba. Kombe hujifunga mpaka hali itulie. Mnyoo kama *Hediste diversicolor* wa pwani za Ulaya anaweza kurekebisha chumvi ya mwili wake, ndiyo maana utamkuta mbali sana juu ya mto. Wengine hujificha tu, kwa kuwa maji yaliyonaswa katikati ya chembe za tope hubadilika polepole kuliko yanayopita juu. Mnyama aliye sentimita 10 chini huishi katika hali tulivu kuliko aliye juu ya tope, ingawa wote wako kituo kimoja, yaani mahali pamoja pa kuchukulia sampuli.

Pima basi chumvi mara mbili katika kila kituo: ya maji yanayopita, na ya maji yanayojaa ndani ya shimo ulilochimba. Pima wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa. Ukiwa na siku moja tu, afadhali utumie nusu yake kupima chumvi kuliko kuitumia yote kuchimba.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

“Nataka kujua wanyama wa hapa” halitoshi kukuongoza. “Je, wanyama walio mita 50 kutoka bomba la maji taka wanatofautiana na walio mita 500, kwenye tope la aina moja na chumvi ile ile?” Swali hilo linakuambia uweke vituo wapi, vingapi, na upime nini. Usiweke kituo kimoja karibu na bomba na kingine mbali kisha ukahitimisha. Weka vituo kadhaa kila upande, maana hata mahali pasipo na bomba hapafanani mita kwa mita. Wanyama wa tope hukaa kwa mafungu.

Kama unachunguza eneo linaloachwa wazi na maji, vituo vyote viwe kwenye kimo kimoja cha ufuo. Walio juu hukaukiwa kwa saa nyingi, walio chini hufunuliwa muda mfupi tu, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuzidi athari unayoitafuta.

Hatua ya 2: Panga siku na usalama

Chagua siku za bamvua, maji yanapopwa mbali zaidi. Fika saa mbili kabla ya kupwa kabisa, ufuate maji yakiondoka, na ukubaliane na wenzako saa ya kugeuka. Saa hiyo ikifika mnarudi, hata ikiwa kituo kimoja kimebaki. Maji ya kujaa kwenye ufuo tambarare hupitia kwanza mifereji iliyo nyuma yako, hivyo unaweza kuzingirwa ukiwa bado unaona nchi kavu mbele yako. Usiende peke yako kwenye tope laini. Ukizama, lala kwa mgongo kidogo ili uzito usambae, kisha utoe mguu mmoja mmoja taratibu. Beba vifaa kwenye ubao wa kuburuta ili mikono ibaki huru. Kama eneo ni hifadhi au linasimamiwa na mamlaka yoyote, pata kibali kabla ya siku hiyo.

Hatua ya 3: Tazama kabla ya kuvuruga

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote. Tandaza fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50 (yaani robo ya mita ya mraba) na uhesabu alama za juu. Vifungu vya mchanga vilivyosokotwa kama kamba ni kinyesi cha mnyoo mkubwa wa jamii ya *Arenicola*. Karibu na kila kifungu tafuta kishimo kama bakuli dogo, maana shimo lake lina umbo la herufi U: upande mmoja mchanga unazama akiula, upande mwingine anautoa. Mistari inayotawanyika kama miale ya nyota ni alama ya mrija wa kombe aliyezikwa chini, anayeufikisha juu na kufyonza uso wa tope pande zote. Vidonge vya mviringo karibu na tundu ni tope ambalo kaa amelichambua mdomoni na kulitema.

Piga picha ya fremu ukiwa umeweka rula ndani yake. Andika kama kuna utando wa rangi ya dhahabu au kahawia juu ya tope. Hao ni mwani wadogo sana, na ndio chakula cha wengi wa wanyama unaowatafuta.

Hatua ya 4: Toa nguzo ya tope na usome rangi zake

Kwenye ufuo ulio wazi, kifaa bora ni bomba la plastiki gumu lenye kipenyo cha sentimita 10 au 15. Lisukume sentimita 20 hivi, ziba juu kwa kiganja au kizibo, chimba pembeni, pitisha mkono chini yake, kisha uinue. Chini ya maji yenye kina hutumika mtambo wa taya mbili unaoshushwa kwa kamba. Mdenmaki C. G. Johannes Petersen alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kuchota eneo linalojulikana la sakafu, mwanzoni mwa karne ya 20, akitaka kujua samaki wana chakula kiasi gani. Unaotumika sana leo ni ule wa Mholanzi Johan van Veen wa miaka ya 1930, ambao mara nyingi huchota moja ya kumi ya mita ya mraba. Taya zikija juu hazijafunga kwa sababu ya jiwe au kombe, mwaga na uchote upya. Usijaribu kukadiria kilichodondoka.

Toa nguzo tano kwa kila kituo, na moja ya ziada kwa ajili ya kutazama tu. Hiyo ya ziada ipasue katikati kwa urefu. Juu utaona tabaka la kahawia, na chini yake tope jeusi au la kijivu. Kahawia ni pale oksijeni ilipogusa chuma. Weusi ni pale ilipokwisha, na bakteria wanaotumia salfeti kupumua wametoa salfaidi iliyoshikana na chuma. Harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi, sumu kwa wanyama wengi. Pima unene wa kahawia kwa milimita, mahali patatu.

Sasa angalia ndani ya weusi wenyewe. Utaona mishipa ya kahawia inayoshuka, kila mmoja ukiwa na tundu katikati. Hapo mnyoo au amfipodi amekuwa akipepea maji, akashusha oksijeni sentimita nyingi chini ya mahali ambapo ingefika yenyewe. Kuta za mashimo hayo hulisha bakteria wengine na huamua naitrojeni kiasi gani inarudi majini. Ukikuta kahawia nyembamba kama karatasi na hakuna mshipa hata mmoja, andika kwa herufi kubwa, maana wachimbaji wameondoka. Kumbuka tu kwamba tope laini huwa na kahawia nyembamba kuliko mchanga hata pasipo uchafu, kwa kuwa maji hayapenyi kirahisi.

Hatua ya 5: Chekecha kwa upole

Amua ukubwa wa matundu ya chekeche kabla ya kazi, na usiubadilishe katikati. Wachunguzi wengi hutumia milimita 1 au milimita 0.5 kwa wanyama wanaoonekana kwa macho. Kwenye milango ya mito mimi huchagua 0.5, kwa sababu wenyeji wengi wa huko ni wadogo, na chekeche ya 1 huwapoteza. Gharama yake ni muda mrefu mezani, na utakamata wachanga wengi waliotua juzi ambao wengi wao watakufa kabla ya kukua. Wale wadogo zaidi, kama nematodi (minyoo midogo ya mviringo), hupita hapo na kubaki kwenye chekeche ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Hao ni kazi ya siku nyingine.

Mara ya kwanza nilifungulia mpira wa maji kwa nguvu juu ya chekeche, nikajivunia jinsi tope lilivyoisha haraka. Mezani nilikuta vipande: mikia, pingili, makombe yaliyovunjika, na vichwa vichache sana. Sampuli nzima ya siku ile haikufaa. Tangu hapo tope naliweka kwenye ndoo ya maji, nalikoroga kwa mkono, na kumimina polepole yale yanayoelea kwenye chekeche. Narudia mara nne au tano. Kilichobaki chini, mchanga mzito na makombe, nakichekecha mwishoni huku chekeche ikichovya ndani ya beseni, maji yakiingia kutoka chini. Tumia maji ya mahali hapo hapo, yaliyochujwa ili usiongeze wanyama wageni. Maji baridi huwavimbisha na kuwapasua wenye miili laini.

Hatua ya 6: Walegeze, kisha uwahifadhi

Mnyoo akitumbukizwa moja kwa moja kwenye kemikali hujikunyata, hujikata vipande, au huficha mdomo ambao ndio utakaohitaji kumtambua. Mlegeze kwanza kwa dakika 15 hadi 30 kwenye magnesi kloridi: takriban gramu 75 za fuwele zake kwa lita moja ya maji baridi hulingana na maji ya bahari, na kwa wanyama wa chumvi kidogo uzimue zaidi.

Kisha tumia fomalini. Sehemu moja ya fomalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji ya bahari hutoa mchanganyiko wa takriban asilimia 4. Ongeza boraksi, la sivyo itageuka asidi na kuyeyusha makombe membamba. Fomalini inasababisha saratani. Vaa glavu na miwani, fanya kazi penye upepo au chini ya kifaa cha kuvuta hewa, na usiimwage kwenye maji ya mtu yeyote. Baada ya siku chache suuza vizuri na uhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Ukitaka kuchunguza vinasaba, acha fomalini kabisa na uhifadhi sehemu ya sampuli kwenye ethanoli kali tangu ufuoni.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa, iwekwe NDANI ya chupa. Wino huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka.

Hatua ya 7: Chambua na uhesabu vichwa

Mwaga sampuli kidogo kidogo kwenye sinia jeupe. Rangi ya rosi bengali, ikitiwa siku moja kabla, huwapaka wanyama waridi na kuwaacha mchanga na majani na rangi yao. Kwa kibano laini watenge katika makundi makuu: minyoo wa pingili, moluska (konokono na kombe), krasteshia (kaa, kamba na jamaa zao), na waliobaki. Hesabu vichwa tu. Mkia pasipo kichwa hauna namba, hata uwe mrefu namna gani. Kombe lililo tupu ni mnyama aliyekufa zamani, usimhesabu.

Kumfikisha kila mmoja kwenye spishi yake huchukua miaka ya mazoezi. Usibuni jina. “Jamii ya Capitellidae, aina A” (familia ya minyoo wa pingili) yenye mchoro na kielelezo kilichotunzwa ina thamani kuliko jina kamili lisilo sahihi. Majina hubadilika pia: kombe aliyejulikana kwa vizazi kama *Macoma balthica* sasa ni *Limecola balthica*, hivyo hakiki kila jina kwenye WoRMS, rejista ya dunia ya spishi za baharini, kabla ya kulinganisha na orodha za zamani.

Kando ya kila jina andika anavyokula: anachuja maji, anafyonza uso wa tope, anameza tope la chini, au anawinda. Safu hii moja ya jedwali mara nyingi imenieleza zaidi kuliko majina yenyewe.

Hatua ya 8: Pima tope lenyewe

Kutoka kila kituo chukua tope la sentimita chache za juu. Sehemu ipitishe kwa maji kwenye chekeche ya mikroni 63, ukaushe na kupima: kilichopita ni tope laini, kilichobaki ni mchanga na kokoto. Sehemu nyingine ikaushe, ipime, iunguze kwa saa kadhaa kwenye nyuzi za Selsiasi 450 hadi 500, uipime tena. Uzito uliopotea hukupa makadirio ya mabaki ya viumbe. Usipandishe joto sana penye vipande vingi vya makombe, kwa kuwa chokaa nayo huanza kuvunjika na kukudanganya.

Hatua ya 9: Sasa soma

Bomba la sentimita 10 hufunika mita ya mraba 0.00785. Nguzo tano ni 0.039. Tuchukulie umepata wanyama 47 kwa jumla: gawanya 47 kwa 0.039, unapata takriban 1,200 kwa mita ya mraba.

Usitegemee idadi ya spishi peke yake. Chukua vituo viwili vya mfano, kila kimoja kina spishi 6 na wanyama 120. Cha kwanza kina 20 wa kila spishi. Cha pili kina 115 wa spishi moja na mmoja mmoja wa zilizobaki. Kipimo cha Shannon, kinachozingatia idadi ya spishi pamoja na usawa wa wingi wao, kwa logi asilia hutoa 1.79 kwa cha kwanza na 0.24 kwa cha pili. Ukiandika “spishi 6” kwa vyote viwili, umefuta tofauti yote.

Kuhusu uchafu wa mimea, wanyama na maji taka, ramani inayofuatwa mpaka leo ilichorwa na watafiti Pearson na Rosenberg mwaka 1978. Mbali na chanzo kuna spishi nyingi, miili mikubwa, wachimbaji wa kina. Ukikaribia, wakubwa hupotea. Karibu zaidi unakuta wingi mkubwa wa minyoo wadogo wanaozaana upesi, kisha panapozidi hakuna mnyama kabisa. *Capitella* ndiye maarufu wa hatua ile ya wingi: mnyoo mwembamba mwekundu kama uzi. Tahadhari naye. Baada ya mafuta kumwagika West Falmouth, Marekani, mwaka 1969, Judith Grassle na J. Frederick Grassle walimchunguza kwa karibu, na mwaka 1976 wakaonyesha kwamba aliyedhaniwa spishi moja ni angalau sita zinazofanana, zenye maisha tofauti.

Kuna pia kipimo cha AMBI, kilichotolewa na Ángel Borja na wenzake mwaka 2000, kinachogawa spishi katika makundi matano kuanzia wanaoumizwa upesi na uchafu hadi wanaostawi humo. Ni chombo kizuri kwenye pwani ya wazi. Kwenye sehemu za juu za mlango wa mto hukosea kwa namna ile ile tuliyoanza nayo: wavumilivu wako pale kwa sababu ya chumvi, nacho huwasoma kama dalili ya uchafu. Kitumie kulinganisha vituo vya chumvi moja na tope moja, usikitumie kupanga mto mzima kwenye ngazi moja.

Jiulize pia mvua. Mafuriko makubwa yanaweza kuua wanyama wa chumvi kwa kilomita nyingi ndani ya siku chache, kisha viluwiluwi (wachanga wa wanyama hawa) wanaoelea kutoka baharini hutua na kuanza upya. Jiulize na oksijeni. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, wachimbaji hutoka kwenye mashimo na kulala juu ya tope mchana kweupe, kombe wakinyoosha mirija nje. Ukiwakuta hivyo, acha kuchimba na upime maji ya chini mara moja, kwa kuwa saa chache baadaye hutapata ila maiti.

Kabla ya kufunga daftari

Mabaki ya sinia yasitupwe siku ile ile. Mpe mtu mwingine chupa moja katika kila kumi aipekue upya bila kuona hesabu yako. Akikuta wanyama wengi uliowaacha, rudi ukapekue na zile tisa. Kisha andika karibu na kila kituo tarehe ya bamvua ya msimu ule ule mwaka ujao, urudi na bomba lile lile, chekeche ile ile, na kimo kile kile cha ufuo.